Walionunua Deni la Baba

Juzi niliingia kwenye lifti ya jengo ninalofanyia kazi, hapa Dallas, nikasimama nyuma ya mwanamume mmoja mtu mzima, na shati lake likaninukia wanga. Si manukato, si sabuni. Wanga wa dobi, ule unaoisimamisha kola hata kama mwenye shati mwenyewe amechoka. Nilipitiliza ghorofa yangu. Nikashuka naye kwenye ghorofa ya watu nisiowajua, nikabaki nimesimama koridoni mpaka akageuka kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nikashuka kwa ngazi, nikafika mezani kwangu nalia kijinga, na bosi wangu akadhani nimeachwa na mtu.

Baba yangu alivaa mashati ya wanga. Tulikaa Katy, magharibi ya Houston, kwenye nyumba ya matofali iliyofanana na ya jirani na ya jirani wa jirani, na kazi yake ilikuwa magari. Alinunua yaliyogongwa, mnadani, akayatengenezesha, akayapakia kwenye kontena kwenda Dar. Ni kazi ya grisi na vumbi, lakini mnadani hakwenda bila shati lililonyooka, kwa sababu alisema mzungu akikuona umenyooka naye hunyooka. Sijui kama ni kweli. Ninachojua sasa, na wakati ule sikukijua, ni kwamba magari yale yalinunuliwa kwa kadi, kadi ikalipwa kwa kadi nyingine, na nyumba tuliyojidai nayo ilikuwa ya benki. Mimi, mtoto wao wa pekee, niliamini kadi ni kitu ambacho ukiwa nacho pesa haziishi.

Moyo ulimsimama pale pale uwanjani kwenye magari, mchana wa jua kali, akiwa anabishana na mtu juu ya bampa. Ndivyo tulivyoambiwa. Mama alipopata habari alikuwa anachambua mchele, na mchele ule ukakaa kwenye sinia siku nzima bila mtu kuugusa, hadi mama mmoja wa msikitini akaupika kwa ajili ya wageni.

Kwetu Tanga, na nadhani kwenu pia, watu hawatawanyiki makaburini kabla jamaa mmoja hajasimama kutoa tangazo. Mnalijua. Mimi nililisikia nikiwa ndani ya gari, nimekaa na wanawake, dirisha limeshushwa na joto linaingia kama limealikwa. Baba mdogo Haji, mdogo wake Baba wa tumbo moja, aliyekuja kutoka Dallas amevaa miwani ya jua, alisimama mbele ya udongo mpya akasema:

"Ndugu zangu, kama kuna mtu anamdai marehemu, kuanzia leo deni hilo ni letu. Aje kwa familia. Na mwenye nafasi ya kumsamehe, tunamwomba amsamehe."

Kisha akalirudia kwa Kiingereza, kwa ajili ya Wapakistani na watu wengine wa msikitini. Palikuwa na wanaume waliosema hapo hapo kwamba wamesamehe. Mmoja alikuwa amemkopesha nauli ya kwenda nyumbani, mwingine sikusikia alidai nini, nikaona tu anafuta macho kwa ncha ya kanzu. Ikaisha hivyo. Deni limeombewa msamaha, mdai amefungua mdomo, akasema, na maiti kapumzika. Hivyo ndivyo nilivyodhani mambo yote ya deni huwa.

Siku ya kuanua tanga akaja Papa Bahati. Huyu alikuwa Mkongomani wa Fort Worth, mtu wa kanisani, ndiye aliyekuwa akinyoosha bodi za magari ya Baba. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri. Mama alishaingia eda, kwa hiyo alizungumza naye akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, na mimi nimesimama katikati, upande huu namwona yeye na upande ule naona ncha ya kanga ya Mama. Papa Bahati alisema kwa aibu kubwa kwamba alisikia tangazo kupitia kwa watu, na kwamba angetaka kusamehe lakini hawezi, ana watoto, na Baba alibaki na feza yake ya kazi ya magari mengi.

Nilimchukia. Lakini Mama hakukasirika hata kidogo. Alinituma nikalete ufunguo wa pikapu ya Baba, akaniambia nimpe mkononi, na nimuulize kama inatosha. Papa Bahati aliutazama ule ufunguo muda mrefu, akaanza kulia, mwanamume mzima mwenye vidole vilivyopasuka, akasema kwa sauti ili Mama asikie kule aliko:

"Inatosha, mama. Imeisha. Miye na yeye hatuna tena matata. Nimemuachilia."

Siku hiyo Mama alikula. Tangu msiba uingie alikuwa anameza maji tu, na jioni ile aliketi mkekani akala wali na maharage, akaongeza, na wanawake wakatazamana. Mimi niliona pikapu imekwenda, tena niliipenda pikapu ile, na sikuelewa kwa nini mtu anyang'anywe gari ndipo apate hamu ya kula.

Nilielewa Jumapili, kwenye chuo cha Kurani. Nilimuuliza ustadhi, na ustadhi, ambaye hakuwa mtu mbaya ila hakujua kusema na watoto, akanijibu kwamba roho ya aliyekufa na deni huwa inaning'inia, haiendi mbele wala hairudi, hadi deni lake lilipwe au asamehewe. Basi. Akaendelea na wengine. Hakuniambia inaning'inia wapi.

Ikabidi nitafute mwenyewe. Njia ya kurudi nyumbani ilipita pale barabara kuu zinapopandana, moja juu ya nyingine juu ya nyingine, na ile ya juu kabisa imekaa angani juu ya nguzo nyembamba, magari yakipita huko madogo kama punje. Nikajua ni pale. Ni wapi pengine katika Houston nzima mtu angening'inia? Kila tulipopita nilitazama juu kutafuta shati jeupe. Nilimwonea huruma kwa jua lile, maana Baba alikuwa na kipandauso. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani wote wanajua, na kwamba ndiyo maana watu wazima huwa hawasemi chochote garini wakipita pale.

Sasa ninyi mliokulia huku kama mimi mnajua kwamba mtoto ndiye ofisi ya nyumbani. Sisi ndio tuliosoma barua za shule zilizotusengenya wenyewe, sisi ndio tuliowaambia madaktari mama anaumwa wapi. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha dukani, cha kuuliza bei na kusema asante. Tena alikuwa edani, hatoki, na hakutaka kusemezana ovyo na wanaume wa kando. Nyumba nayo ilijaa wageni wa msiba. Kwa hiyo ofisi yetu ikawa ndani ya kabati la nguo la chumbani kwao, lile la kuingia kwa miguu, linalotosha watu wawili kukaa chini katikati ya viatu. Mashati ya Baba yalining'inia juu yetu, na kwa kuwa mjane hafukizi udi wala hajipaki chochote, kabati zima lilinukia wanga mtupu. Mama alifunga mlango, akawasha taa, akatandaza kadi za Baba kwenye zulia.

"Hawa hawakuwepo mazikoni," aliniambia. "Hawakusikia tangazo. Lazima waambiwe."

Naomba mlielewe jambo hili, kwa sababu Wamarekani niliowasimulia hawajawahi kulielewa. Hakuna aliyetupigia. Sisi ndio tuliowapigia. Nilisoma namba ya nyuma ya kila kadi, nikasubirishwa na muziki, na alipotokea mtu nikalirudia tangazo la baba mdogo kama nilivyolisikia: baba yangu amekufa, kama mnamdai, kuanzia leo deni hilo ni letu, na kama mnaweza, tunaomba mumsamehe. Nilikuwa na sauti nyembamba ya mtoto wa darasa la nne. Huko upande wa pili nilisikia watu wanaacha kutafuna.

Wote walianza na pole. Wote, na kwa maneno yale yale, hata nikahisi wanaisoma mahali. Mama alikuwa mtu wa adabu, mtu akikupa pole unamjibu tumeshapoa, basi akaniambia nimjibu hivyo. Nikatafsiri neno kwa neno kwamba mama anasema ameshapoa, kama chai, na yule kijana akasema anafurahi kusikia hivyo. Mwingine aliniuliza ni nani anayesimamia estate ya baba, yaani mirathi, mimi nikadhani ni jumba la kitajiri. Nikamwambia hatuna estate, tuna nyumba ya kawaida tu. Mama akaniuliza amesemaje, nikamwambia ameuliza kama sisi ni matajiri, na Mama akacheka. Tangu Baba afe hakuwa amecheka.

Lakini alichokitaka Mama hawakuwa nacho. Alitaka jina. Alitaka nimuulize kila mmoja ni nani hasa anayemdai mume wake, mtu gani, yuko mji gani, ili amtake radhi yeye mwenyewe. Walinipa jina la kampuni. Mama akasema kampuni si mtu, muulize mwenye kampuni anaitwa nani. Hawakujua. Kuhusu kusamehewa, mmoja alinijibu kwa upole kwamba akaunti hiyo haina programu ya msamaha. Nikamwambia Mama hawana programu. Akaniuliza programu ni kitu gani, na kwa kweli sikujua.

Tukaanza kulipa, kidogo kidogo, kutoka kwenye rambirambi. Kadi ndogo zikaisha. Ikabaki ya bluu, ile kubwa ya mnadani, iliyokuwa ikila bila kushiba. Kila malipo Mama aliuliza kama wamesema lolote, nami nilimjibu wamesema asante. Asante ilimkera. Alisema asante si jibu la mtu anayekudai.

Kisha siku moja mtu wa kadi ya bluu akaniambia hapokei tena malipo yetu. Akaunti, alisema, ilishakuwa charged off. Nikamuuliza tena, akarudia yale yale, charged off, na mimi nikaliwaza neno hilo kwa akili zangu zote. Kuchaji nilikujua. Off nayo nilikujua, ni taa imezimwa. Kitu kimechomolewa ukutani, kikazimwa.

"Mama," nikamwambia, "wameizima. Deni wamelizima."

"Wamelifuta?"

"Ndiyo. Hawataki pesa tena."

Mama alisujudu pale pale kwenye viatu. Aliinuka na alama ya zulia kwenye paji la uso, akanikumbatia, akashika mkono wa shati moja la Baba akaupitisha shavuni, kisha akauficha uso wake humo akalia sana. Akampigia bibi Tanga. Nilimsikia anasema wazungu wamemsamehe mwanao, mama, wamemsamehe bila hata kumjua. Na bibi huko akapiga kigelegele, bibi mzee mwenye msiba, hadi simu ikakwaruza.

Eda ilipoisha Mama alifanya dua ya shukrani. Nyumba ilinukia tena udi na pilau, na wanawake wakaja na watoto wao kutoka pande zote za Houston. Mama aliwasimulia habari ya kampuni iliyosamehe, na kila mtu akasema Mungu mkubwa. Mama mmoja mcheshi akasema basi na wa kwake wangejua njia ya kusamehe, maana anadaiwa hadi ukucha. Walicheka, Mama akiwa amejipaka hina kidogo, na mimi nikapakuliwa nyama kubwa kwa sababu ndimi niliyeleta habari. Tulipopita kwenye barabara zile wiki iliyofuata sikutazama juu. Nilijua keshashuka, yuko huko wanakokwenda.

Baba mdogo Haji alikuwa amekuja kwenye ile dua. Alipenda mambo ya kueleweka, alikuwa mhasibu wa kampuni fulani Dallas, na alipochoka kusikia msamaha ule ukisifiwa aliniita pembeni akaniuliza kampuni imesema neno gani hasa, kwa Kiingereza. Nikamwambia. Aliacha kutafuna. Aliiweka sahani yake juu ya ngazi, akaenda kunawa mikono ingawa alikuwa hajamaliza kula.

Hakusema mbele ya watu, hilo namshukuru. Watu walipoondoka alimweleza Mama kwamba huo si msamaha. Kampuni imelihesabu deni kuwa ni hasara kwenye vitabu vyake, basi, na deni liko pale pale. Mama alimtazama kama anayetukanwa.

"Mtoto amesikia kwa masikio yake," alisema.

"Mtoto amesikia sawa, shemeji. Maana yake ndiyo siyo."

Mama hakumwamini. Alidhani ana wivu, ama elimu imemharibu asione neema. Mimi nilimwamini, kwa sababu niliiona ile sahani.

Simu ikaja Mama akiwa anamenya viazi. Safari hii walitupigia wao. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya kampuni ambayo hatukuwahi kuisikia, na alianza na pole. Alisema anapiga kuhusu deni la Baba la kadi ya bluu. Nikamwambia lile limeshazimwa. Akaniambia hapana, kampuni yao imelinunua. Nilikaa na simu sikioni bila kujua nitalisemaje neno hilo, maana kila nilivyoligeuza lilibaki lile lile.

"Wamenunua deni la Baba," nilimwambia Mama.

"Deni linanunuliwaje?" alisema. "Ni mtumba?"

Nikamuuliza yule mama. Akanieleza taratibu, nadhani aligundua anasema na mtoto, kwamba kampuni ya kwanza imeuza madeni mengi kwa pamoja, na la baba lilikuwa humo. Nikatafsiri. Mama akaacha kisu. Kisha akaniuliza kama huyo mama alikuwa anamjua Baba. Hamjui. Kama Baba alichukua chochote kwake, hata senti. Hakuchukua. Basi Mama akaninyang'anya simu, eda ilikuwa imeisha na huyu alikuwa mwanamke mwenzake, na kwa Kiingereza chake cha dukani akamwomba aseme neno moja tu, kwamba amemsamehe mume wake. Hakumwomba apunguze. Alimwambia pesa atalipa, zote, hadi ya mwisho. Alichotaka ni neno.

Nilikuwa nimebandika sikio upande wa pili wa simu. Nyuma ya yule mama zilisikika sauti za watu wengi wakizungumza kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtu wake. Kisha akasema mazungumzo haya yanarekodiwa na yeye hana ruhusa ya kusema hivyo, ila anaweza kutupangia malipo ya kila mwezi.

Mama akakubali malipo ya kila mwezi. Baba mdogo alipopata habari aliendesha gari kutoka Dallas hadi Katy bila kupumzika. Alimwambia kadi ilikuwa ya jina la kaka yake peke yake, na mali aliyoiacha ni ile nyumba ya benki tu, hakuna wanachoweza kumshika nacho. Asilipe, asi-sign chochote, akipigiwa akate. Alimwambia, shemeji, umejitia kitanzi kwa mkono wako mwenyewe. Wanyamazie tu, watachoka.

"Wao watachoka," Mama alisema. "Na yeye je?"

Baba mdogo alijua sheria ya hapa yote, na nilimwona akimtazama Mama kwa huruma na hasira pamoja. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi harusi yenyewe hatukualikwa, tuliletewa matanga tu.

Yaliyobaki yalikwenda upesi, kama yaendavyo mambo yanapoharibika. Benki ikachukua nyumba yake. Mama akauza dhahabu yake ya harusi kwa Mhindi mmoja Houston aliyeipima mara mbili. Mashati ya Baba aliyagawa sadaka, yote, kwa sababu alisema labda thawabu zitamsaidia, na kabati likabaki tupu, kumbe dogo tu. Baba mdogo akatutafutia chumba na sebule Vickery Meadow, hapa Dallas, karibu na treni, kwenye majengo yaliyojaa watu kutoka kila vita ya dunia. Mama akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Alirudi nyumbani mikono imekunjamana, akiketi analala, na malipo ya mwezi yalikwenda kabla hatujanunua unga.

Mimi nilirudi kutazama juu. Dallas nayo ina barabara zinazopandana, ndefu kuliko zile za Houston. Nilijiuliza kama ameweza kutufuata, au kama amebaki kule peke yake akidhani tumemkimbia. Nilikuwa naanza kuwa mkubwa, nilishajua mambo hayaendi hivyo, na bado nilitazama.

Deni likauzwa tena. Na tena. Kila kampuni ilikuja na jina jipya na hesabu mpya iliyozidi ile ya jana, na kila mara Mama alinituma niulize lile lile. Kuna aliyecheka. Kuna aliyedhani ni hila ya kukwepa. Kijana mmoja mwenye lafudhi ya kusini alisema hakika ma'am, nimemsamehe, mradi ukilipa leo, na Mama aliposikia hiyo mradi akasema huyo hahesabiwi.

Walikuja wanaume wa kumposa. Alikuwa bado mwanamke mzuri, na mmoja alikuwa mtu wa maana, mwenye duka Houston, aliyesema angetulea sote wawili. Mimi nilitaka sana. Nilimsihi. Nilimwambia nimechoka kuishi hivi, na aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemwambia aibe.

"Nitaolewaje," aliniuliza, "na mume wangu hajafika?"

Sikumtajia tena habari hizo.

Malipo ya mwisho tuliyafanya nikiwa nakaribia kumaliza shule. Mama alikuwa ametoka kazini, bado amevaa sare yake ya samawati, akaketi ukingoni mwa kitanda na mikono mapajani, amevaa mtandio safi alioubadilisha kwa ajili ya simu hiyo. Nilimuona ameubadilisha. Nikapiga. Wakati huo hakukuwa tena na kijana wala mama wa sauti laini, ilikuwa mashine. Ilitaka namba nikabonyeza namba, ilitaka kiasi nikabonyeza kiasi. Ikasema malipo yamepokelewa, salio lako ni sifuri, asante, kwaheri. Ikakata.

"Amesemaje?" Mama akauliza.

"Amesema limekwisha, Mama. Halipo tena."

"Nani amesema?"

Nilitaka kumdanganya. Nililipanga jina kabisa kichwani, jina la mwanamke, na mji. Lakini alikuwa ananitazama mdomoni, kama alivyozoea miaka yote ile kunitazama mdomoni.

"Mashine," nikamwambia.

Akaniambia nitafute mtu. Nikapiga tena, nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka, nikasubirishwa. Mwishowe mashine ikasema namba hiyo ya akaunti haipo, na kwa kuwa haipo hakuna wa kunihudumia. Nikamweleza Mama. Akafikiri. Hakuwa analia, ningeona afadhali angelia.

"Sasa kama hakuna mtu," alisema, "miaka yote hii tulikuwa tunamlipa nani?"

Akaunyoosha mtandio wake, akaniambia nipige tena. Nikapiga tena.